Watoto Wetu Wale Nini Shuleni? Hotuba ya Kamati ya Wazazi Siku ya Mtoto wa Afrika



Tarehe 16 Juni huadhimishwa Afrika nzima tangu mwaka 1991, kwa kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 walipoandamana wakidai elimu inayowafaa. Mwaka huu Kamati ya Wazazi imeombwa izungumzie chakula cha shule. Tumelipokea ombi hilo kwa furaha, maana jambo hili tumelijadili sana chini ya miembe na kwenye foleni za maji kuliko lilivyojadiliwa mezani.

Tuanze na lile ambalo kila mwalimu hapa analijua. Zamu ya asubuhi ikifika saa nne na nusu, watoto wa madawati ya nyuma wanalaza kichwa. Huo si uvivu. Wengi wao walikula mara ya mwisho jana jioni. Kipimo ambacho mashirika hutumia kupanga mgao ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mwaka 2023, kwa ukosefu wa fedha za wafadhili, mgao wetu ulishushwa hadi nusu ya kipimo chake. Mgao ukipungua, mama hapunguzi kila mlo kidogo kidogo. Anaufuta mlo mmoja. Na mlo unaofutwa kwanza ni wa asubuhi, ambao ndio mlo wa mtoto wa shule. Hata mgao unapopanda tena, asubuhi huwa ya mwisho kurudi.

Kwa hiyo shule ikiweka kikombe kimoja cha uji saa tatu asubuhi, haiongezi anasa. Inarudisha kilichotolewa.

Hapa lazima tuseme wazi juu ya pendekezo lililozunguka vijijini, kwamba kila kaya itoe kikombe cha unga kila wiki kutoka kwenye mgao wake ili jiko la shule liendeshwe na wazazi wenyewe. Wenzetu waliolileta walikuwa na nia njema, na tunawaheshimu. Lakini Kamati imelikataa, nasi tunaeleza sababu mbele ya wote ili isije ikasemwa kwamba tumekula njama. Kikombe hicho kitatoka kwenye sufuria moja na ya mtoto wa miaka miwili aliyebaki nyumbani, na ya mama anayenyonyesha. Tutakuwa tumemlisha kaka kwa kumnyima mdogo wake, na mdogo ndiye anayedhurika haraka zaidi. Jambo la pili ni la heshima. Ipo nyumba ambayo wiki hiyo haitakuwa na kikombe. Je, mtoto wake atasimama pembeni akiwatazama wenzake wakinywa? Tumekubaliana kwamba hakuna mtoto atakayetolewa kwenye foleni ya uji kwa sababu ya mchango wa mzazi wake. Wazazi watachangia kwa mikono: kuteka maji, kutwanga, kupika kwa zamu, kuleta majani ya mboga. Nafaka, kunde na mafuta tunawaomba wafadhili, na kazi yetu ni kuwaambia ni zipi na zipikwe vipi, ili fedha ikipatikana, hata kama ni kidogo, isiishie kwenye ndoo ya mabaki.

Ndoo hiyo tunaijua vizuri. Wakati wa majaribio tuliiweka mlangoni pa jiko, na kila mtoto alimwaga humo alichoshindwa kukila. Hakuna mtu aliyeulizwa swali wala kugombezwa. Jioni wapishi waliiangalia. Siku ya maharage chini ya ndoo palikuwa karibu pakavu. Siku ya zile njegere za manjano za mgao, ambazo wengi tunaziita dengu, ndoo ilijaa na ikabidi iletwe ya pili. Wageni wetu wataalamu wa lishe wanatuambia, na ni kweli, kwamba gramu 100 za njegere hizo zina protini nyingi kama maharage, na zinaiva haraka zaidi. Lakini protini iliyomo kwenye ndoo haimjengi mtu.

Hata hivyo hatukusema njegere zifukuzwe kambini. Mama mmoja wa zamu ya wapishi alituonyesha jambo. Alizichemsha mpaka zikapondeka, akakaanga kitunguu kwenye mawese, akatia chumvi na majani kidogo ya kitunguu, akakoroga mpaka ikawa rojo nzito ya kuchovea bugali. Siku hiyo watoto waliziramba sahani. Shida haikuwa njegere. Shida ilikuwa maji ya manjano yasiyo na kitunguu wala mafuta, yaliyomwagwa juu ya ugali. Tungependa watu wa manunuzi wasikie hapo: gunia la vitunguu na dumu la mawese vinaweza kuliokoa ghala zima la njegere. Kwenye karatasi ya bajeti vitunguu huandikwa kama kiungo, navyo hufutwa mwanzo kabisa. Kwetu sisi vitunguu ni sehemu ya chakula.

Jaribio la pili lilikuwa la dagaa, au ndagala kama tuwaitavyo kwetu Fizi na Uvira. Dagaa mkavu ni hazina. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, anampa mtoto madini ya chokaa ya kujenga meno na mifupa. Ziwa Tanganyika haliko mbali, na kilo moja ya dagaa wakavu, ukimpa kila mtoto gramu 10, inatosha watoto 100. Hakuna nyama inayoweza kushindana na hesabu hiyo. Ushauri tuliopewa ulikuwa tuwasage, tutie unga wao kwenye uji wenye sukari. Watoto walishika pua. Mmoja wa darasa la pili alituambia uji wake unanuka ziwa. Tangu hapo dagaa wanaingia kwenye mboga, mahali pao pa siku zote: kwenye sombe, kwenye lengalenga, kwenye rojo la maharage. Wako pia watoto waliokulia nyanda za juu, kwenye ng'ombe na maziwa, ambao nyumbani kwao samaki hajazoeleka. Hao huchotewa kutoka sufuria ndogo isiyo na dagaa, na hakuna anayewacheka. Sufuria moja ya ziada si gharama kubwa.

Sasa tuje kwenye uji wenyewe. Mahindi peke yake yanashibisha lakini hayatoshi, na hili si neno la kutishana. Wakimbizi wenzetu wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wakipewa unga wa mahindi pamoja na karanga. Katikati ya mwaka 1989 karanga zikakatika. Mwaka 1990 watu zaidi ya 17,000 kambini waliugua pelagra: ngozi ya shingo na mikono inayopigwa na jua inakuwa nyeusi na kubanduka, tumbo linaharisha, na ugonjwa ukiachwa akili inachanganyikiwa. Sababu yake ni upungufu wa niasini, aina ya vitamini B, ambayo ndani ya mahindi imefungika na mwili hauipati kwa urahisi, lakini imejaa kwenye karanga. Hapakuwa na vita pale wala njaa ya kukosa unga. Kilichokosekana ni kitu kimoja kidogo ambacho mtu wa ghala angeweza kukiona kama kiburudisho.

Ndiyo maana tunasisitiza uji wa mchanganyiko. Na hapa tusijione wageni, maana mchanganyiko tunaujua toka kwetu. Kule Kivu tulikuwa na masoso, yaani mahindi, soya na sogamu, na majirani zetu wa Rwanda wana sosoma. Ukimpa mtoto uji wa gramu 60 za unga wa mahindi mtupu, anapata protini gramu 5 hivi. Ukiondoa gramu 15 za mahindi ukaweka gramu 15 za soya, kikombe ni kilekile, kuni ni zilezile, lakini protini inafika gramu 9, karibu mara mbili. Kwa shule ya watoto 1,000 hiyo ni kilo 45 za mahindi na kilo 15 za soya kwa siku, na madumu 20 ya maji ya lita 20. Unga wa mahindi na soya ule unaotolewa na mashirika ukiwa umekwisha kuongezwa vitamini na madini ni bora zaidi ukipatikana, kwa kuwa umekamilika kiwandani. Usipopatikana, tunao ujuzi wa kutengeneza wetu.

Lakini soya ina masharti. Mbichi haifai, inazuia mwili kuisaga protini. Ichemshwe nusu saa, ianikwe, ikaangwe mpaka inukie, ndipo ipelekwe mashineni. Na tafadhali, akina mama, tuache ule mtindo wa kutia kila kitu kwenye gunia moja la kusaga: mahindi, ngano, ulezi, mchele, maharage, karanga, dagaa, mbegu za maboga, kisha kuuita unga wa lishe. Maharage hayawezi kuiva kwa dakika zile zile za ulezi, na mtoto ataumwa tumbo. Karanga zina mafuta, zikisagwa na kukaa wiki kadhaa kwenye joto la hapa unga wote unachacha. Nafaka moja au mbili na soya vinatosha. Karanga zipondwe siku ile ile, zitiwe uji ukiwa jikoni.

Wazazi wengi wametuuliza: mbona kwenye mapendekezo yetu muhogo hauonekani, wakati bugali wa muhogo ndio chakula chetu? Swali ni la haki. Mtu aliyelelewa kwa bugali wa muhogo anaweza kula ugali wa mahindi miaka 20 na bado akasema hajala. Tumejibu hivi. Muhogo unashibisha, ila protini yake ni ndogo sana, hata theluthi ya ile ya mahindi haifiki, kwa hiyo ukiingia shuleni lazima uje na maharage au dagaa, usije peke yake. Jambo kubwa zaidi ni sumu. Muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha una sianidi. Watu wakiula siku nyingi bila chakula cha protini, hasa watoto na akina mama, unaleta konzo, ugonjwa unaokaza miguu ghafla na kumwacha mtu kilema maisha yake yote. Jina lenyewe ni la kwetu Kongo, la lugha ya Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika tangu mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipatwa nao katika jimbo la Nampula, Msumbiji.

Njaa ndiyo inayofupisha siku za kulowesha. Mama mwenye watoto wanaolia hatasubiri siku tatu au nne. Na unga unaonunuliwa sokoni hauna cheti cha siku ulizoloweshwa. Kwa hiyo kwa sufuria la shule, ambalo kosa lake moja linawagusa watoto 1,000, tumesema hapana kwa sasa. Kwa nyumbani tunawafundisha njia iliyotumika vijijini Kongo kuzuia konzo: chukua unga, uchanganye na maji mpaka uwe kama udongo mbichi, utandaze juu ya mkeka au ungo, unene usizidi sentimita moja, uache juani saa 2 au kivulini saa 5. Sumu inatoka kama hewa. Kisha songa bugali siku hiyo hiyo. Ladha haiharibiki. Wapo akina mama wanaosema inakuwa nzuri zaidi, sisi tunawaachia wenyewe waamue.

Kwenye majani ndiko tunakojivunia. Lengalenga, matembele, majani ya maboga na sombe yanaota kwenye bustani za nyuma ya nyumba na kwenye magunia ya udongo, bila kuhitaji shamba ambalo hatuna. Yana madini ya chuma na vitamini A. Ni vizuri mtoto apate na kitu chenye uchachu, embe, limau au nyanya, maana husaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye majani na maharage. Chai ya rangi pamoja na chakula hufanya kinyume, kwa hiyo shuleni chai tumeiondoa. Sombe itwangwe kwelikweli na ichemshwe bila kifuniko, kwa sababu majani ya muhogo nayo yana sumu ile ile.

Na mawese. Baadhi ya wafanyakazi wa mashirika huyaona kama mafuta ya rangi yanayochafua nguo. Rangi hiyo nyekundu ndiyo chanzo cha vitamini A, na macho ya watoto yanaihitaji. Mkoa huu wa Kigoma unajulikana Tanzania nzima kwa michikichi. Tunaomba tu yasichomwe mpaka yakawa meupe kama wengine wanavyopenda, kwa kuwa rangi ikiondoka vitamini nayo imeondoka. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa, viazi lishe, vinafanya kazi hiyo hiyo, na mche wake unagawika bure kutoka jirani hadi jirani.

Tumeacha kwa makusudi jambo zito mpaka hapa, nalo ni kuni. Mkizisoma hesabu za chakula cha shule mtaona bei ya maharage, bei ya mafuta, bei ya chumvi. Kuni huwa hazina bei, kana kwamba zinakuja zenyewe. Zinaletwa na akina mama na mabinti, na kila mtu hapa anajua yanayowapata baadhi yao porini. Hatutasema zaidi mbele ya watoto. Lakini tunasema kwamba chakula kinachohitaji kuni nyingi si rahisi, hata kama gunia lake ni la bei ya chini. Maharage makavu yanayochemka kutwa ni ghali. Yale yale yakiloweshwa usiku kucha, maji ya kuloweshea yakamwagwa, yakatokoteshwa kwa nguvu, yanaiva kwa muda mfupi zaidi na hayaumizi tumbo. Kulowesha kunahitaji mapipa mawili yenye mifuniko na mlinzi wa usiku mwaminifu, basi. Jiko la udongo lililojengwa vizuri, lenye bomba la moshi na mdomo unaobana sufuria, linakula kuni chache kuliko mafiga matatu. Kwa hiyo tunapendekeza uji siku zote tano za wiki, na mlo wa mchana wa maharage na mboga siku mbili tu, ili tusipike kwa gharama ya usalama wa dada zetu. Siku wafadhili watakapoleta kuni kwa gari au nishati nyingine, tutaongeza.

Kuhusu ghala tutasema machache. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zisitumike, hata zikioshwa, hata zikikaangwa. Sumukuvu haitoki kwa moto. Mwaka 2004 huko Makueni na Kitui, Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyovunda na 125 wakafa, na mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo hiyo Dodoma na Manyara. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mwenye kukagua awe mzazi pamoja na mwalimu, siyo mmoja peke yake, na gunia bovu likikataliwa liandikwe kwenye daftari mbele ya watu, tena limwagwe, lisiuzwe kwa wafugaji wa kuku.

Ndugu wageni, tunajua mtaondoka leo na maombi mengi kutoka kambini. Yetu tumeyaweka machache. Soya kwa ajili ya uji, au ule unga uliokamilika. Dagaa wa kutosha gramu 10 kwa mtoto kwa siku mbili za wiki. Vitunguu na mawese viandikwe kwenye bajeti kwa majina yake. Mapipa manne ya kuloweshea, na mabati ya kuezeka jiko kabla ya mvua za Oktoba, kwa maana wapishi wetu msimu uliopita walikoroga uji wakiwa wamejifunika turubai.

Na ninyi wazazi: orodha ya zamu ya wapishi kwa muhula ujao imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya zoni. Bado nafasi za Jumatano na Ijumaa hazijajaa. Akina baba nao wanakaribishwa, jiko la shule halina mwiko wa jinsia. Anayetaka kuonja rojo la njegere tulilolisema, lipo nyuma ya darasa la tano, wapishi wamelipika tangu alfajiri. Tunaomba watoto watangulie.